Mkulima wa Karanga Aliyeingia Barazani: Habari za Bwana Jimmy Carter wa Georgia

Chama kinapotimiza miaka 10, si vema kukumbuka hesabu za mazao na majengo ya maghala peke yake. Yafaa pia kukumbuka watu waliotoka shambani wakaenda kusema barazani kwa niaba ya wakulima wenzao. Katika kurasa hizi tumechagua habari za mkulima wa nchi ya mbali. Ulimwengu ulimjua kuwa Rais wa Marekani, lakini sisi twataka kumtazama katika miaka ya kabla ya hapo, alipokuwa mwuzaji wa mbegu na mbolea, akagombea kiti katika baraza la kutunga sheria la jimbo lake. Jambo lililompata wakati ule latuhusu sana sisi tunaoendesha mambo yetu kwa kura.

Bwana James Earl Carter, aliyeitwa na watu wote Jimmy, alizaliwa tarehe 1 Oktoba, 1924, katika mji mdogo wa Plains, kusini-magharibi ya jimbo la Georgia. Baba yake alilima karanga na pamba, na sehemu kubwa ya kazi ya mashamba yale ilifanywa na familia za Wamarekani Weusi, ambao sheria na desturi za jimbo ziliwanyima haki nyingi, hata haki ya kupiga kura. Siku zile makampuni ya umeme hayakuona faida ya kuvuta nyaya mpaka kwa mkulima wa mbali. Mwaka 1935 Serikali ya Rais Roosevelt iliunda idara ya kukopesha fedha kwa kazi hiyo, na wakulima wakajiunga katika vyama vya ushirika vya umeme. Taa zikawaka nyumbani kwa akina Carter, na baba yake akawa miongoni mwa viongozi wa ushirika huo.

Kijana Jimmy alisoma katika chuo cha wanamaji, akahitimu mwaka 1946, akafanya kazi katika manowari zinazokwenda chini ya bahari. Baba yake alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Georgia mwaka 1952, lakini hakukaa sana, maana alifariki kwa ugonjwa wa saratani mwezi Julai, 1953. Ndipo mwana akaacha utumishi wa majini, akarudi Plains pamoja na mkewe, Bibi Rosalynn, kushika shamba na ghala.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mwaka 1954 ukame uliharibu mazao, na faida yao ya mwaka mzima haikufika dola 300. Hata hivyo hawakukata tamaa. Bwana alikazana kukuza mbegu bora za karanga, na Bibi Rosalynn akashika vitabu vya hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na biashara ile iliongezeka kwa sababu daftari lake lilikuwa safi.

Baadaye Bwana Carter aliingia katika halmashauri ya shule za wilaya, akawa mwenyekiti wake. Wazungu waliopinga usawa wa watu walipounda chama chao na kumtaka ajiunge, alikataa, ingawa kwa kukataa alihatarisha biashara yake.

Sasa twafika mwaka 1962. Kabla ya mwaka huo, uchaguzi wa kuteua wagombea wa vyeo vya jimbo la Georgia haukuamuliwa kwa wingi wa watu. Wilaya kubwa 8 zilipewa kura 6 kila moja, wilaya 30 za kati zilipewa kura 4, na wilaya 121 zilizobaki kura 2 kila moja. Basi wilaya ya Fulton, penye mji wa Atlanta na watu zaidi ya 500,000, ilikuwa na kura 6, na wilaya ya Quitman, yenye watu wasiofika 3,000, ilikuwa na kura 2. Mwaka huo mahakama zilikataa mpango ule, na viti vya Seneti ya jimbo vikagawanywa upya kwa kufuata idadi ya watu. Bwana Carter aliona mlango umefunguka, akajitangaza kuwa mgombea. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu.

Uchaguzi wa ndani ya chama cha Democratic ulifanyika tarehe 16 Oktoba, na katika Georgia ya siku zile aliyeshinda humo alikuwa kama aliyekwisha kupata kiti. Mshindani wake alikuwa Bwana Homer Moore, mfanyabiashara. Wilaya nyingine zilipohesabiwa, Bwana Carter alikuwa mbele kidogo. Lakini zilipokuja hesabu za Quitman, akaonekana ameshindwa.

Katika mji wa Georgetown, makao makuu ya wilaya ile, alikuwako mtu mwenye nguvu aitwaye Joe Hurst. Watu walipiga kura mbele ya macho yake, bila siri yo yote, na karatasi zikatiwa katika sanduku la makaratasi gumu. Waliofika kupiga kura walikuwa 333, lakini karatasi zilizokutwa zilikuwa 420. Majina zaidi ya 100 yaliandikwa kwa kufuata alfabeti, kana kwamba watu wale walipanga mstari kwa herufi! Na katika orodha walikuwamo marehemu.

Wengi walimshauri aache, kwa kuwa mambo ya Quitman yalikuwa hivyo miaka yote. Yeye hakuacha. Alikusanya maelezo ya mashahidi kwa maandishi, akatafuta wakili, Bwana Charles Kirbo, na mwandishi wa gazeti la Atlanta, Bwana John Pennington, akayatangaza mambo yale mbele ya watu wote. Sanduku lilifunguliwa mbele ya hakimu, na kura za Georgetown zikatupwa. Mabishano yaliendelea mpaka usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu wa Novemba, hata ikaamriwa kwamba karatasi zisiwe na jina la mgombea, ila kila mpiga kura aandike mwenyewe jina la amtakaye. Bwana Carter alishinda kwa kura zaidi ya 800.

Mwezi Januari, 1963, aliapishwa. Alikuwa ameahidi kusoma kila mswada kabla ya kuupigia kura, na ilipokuwa miswada ni mamia kwa mamia, alijifunza namna ya kusoma upesi ili atimize neno lake. Hotuba yake ya kwanza ilipinga maswali 30 yaliyotumiwa kuwazuia Weusi wasiandikishwe kupiga kura. Alikaa Seneti mpaka mwaka 1967.

Hatusemi kwamba hakuwa na kasoro. Alishindwa kuwa gavana mwaka 1966, na alipogombea tena mwaka 1970 alitafuta pia kura za wale waliopenda ubaguzi. Lakini siku ya kuapishwa, Januari 1971, alitangaza waziwazi kwamba wakati wa ubaguzi umekwisha. Alikuwa Rais kuanzia 1977 hata 1981, kisha akarudi Plains, akakuta biashara ya ghala ina deni kubwa, ikabidi iuzwe. Kituo alichokiunda mwaka 1982 kimetazama chaguzi zaidi ya 100 duniani, na mwaka 1991 yeye mwenyewe alikuwako Zambia kwa kazi hiyo. Alifariki Plains tarehe 29 Desemba, 2024, akiwa na umri wa miaka 100.

Ndugu wanachama, kila msimu twasimama karibu na mizani na kuangalia sindano, maana twajua kilo moja iliyoibiwa ni jasho letu. Je, siku ya mkutano mkuu twaangalia sanduku la kura vivyo hivyo? Msingi wa ushirika ni mwanachama mmoja, kura moja. Karani akiongeza kura moja ya uongo, amepunguza ya kweli, na mwenye haki amebaki mikono mitupu ingawa kadi yake ya uanachama iko mfukoni. Mkulima wa Plains hakuwa na nguvu kuliko wakubwa wa Quitman. Alikuwa na hesabu sahihi, mashahidi wenye moyo, na subira ya kuzifikisha mbele ya hakimu. Vitu hivyo vitatu havinunuliwi, na kila chama cha msingi chaweza kuwa navyo. Tunapouanza mwaka wa 11, tuvitunze, na aliye na shaka juu ya hesabu asimame aulize mkutanoni, naye ajibiwe kwa heshima.