Grafu haina "kwa sababu"

Leo tunaandika juu ya kitu kinachotusumbua wengi: ile grafu ya mtihani wa IELTS.

Sisi tuliosoma Kongo kwa Kifaransa tulidhani kikwazo kitakuwa insha ndefu. Kumbe hapana. Insha unaweza kuizungusha. Kinachotuangusha ni swali la kwanza la kuandika: dakika 20, maneno yasiyopungua 150, unapewa grafu au chati, unaeleza unachokiona. Basi. Hutakiwi kutoa maoni wala kusema kwa nini mstari umepanda. Ukisema kwa nini, na grafu yenyewe haikusema, umetoka nje ya swali.

Jumamosi moja mwalimu wetu, naye mkimbizi kama sisi, alichora ubaoni mstari mmoja bila tarakimu nyingi. Ulianza 1956, ukapanda miaka ya 1960, ukaporomoka miaka ya 1970, ukagusa chini 1982. "Hii ni shaba ya Kilembe," akasema. "Elezeni." Tukaandika kurasa nzima! Reli iliyofika Kasese 1956 na mji kukua kwa ajili yake, Idi Amin kuwafukuza Waasia 1972, Wakanada wenye mgodi kuondoka, bei ya shaba duniani kuanguka. Mambo ya kweli yote, na wazee wa hapa Kasese bado wanayasimulia. Mwalimu alikata karibu kila kitu. Akabakiza sentensi tatu: uzalishaji ulianza mwaka fulani, ulipanda, ulishuka hadi ukaisha. "Grafu haina kwa sababu," akatuambia.

Hapo tukakasirika kidogo, tukataka kujua nani alileta utaratibu huu.

Grafu ya mstari ya mambo ya uchumi tunayoijua leo ilianza na Mskoti mmoja, William Playfair. Mwaka 1786 alichapisha London kitabu chenye chati 44, karibu zote zikionyesha biashara ya Uingereza ilivyopanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Moja tu ilikuwa ya nguzo, na ilizaliwa kwa shida: kuhusu Scotland alikuwa na hesabu za mwaka mmoja tu, 1780 hadi 1781. Kwa mwaka mmoja huwezi kuchora mstari. Kwa hiyo akapanga nchi moja moja, kila nchi na nguzo zake, bidhaa zilizoingia na zilizotoka. Kila ukikutana na grafu ya nguzo kwenye mtihani, kumbuka ilitokana na ukosefu wa takwimu. Sisi watu wa kukosa karatasi tunamwelewa.

Ila kati ya nguzo hizo kuna ya visiwa vya Karibi. Sukari ya huko ililimwa na Waafrika waliouzwa kama mali. Kwenye chati ni kiasi cha pesa tu. Mwaka 1801 huyohuyo Playfair alichora mduara wa dola ya Waturuki, akaukata vipande vitatu: Asia, Ulaya, Afrika. Afrika ni kipande cha mduara. Chati duara unayopewa kwenye mtihani imetoka huko.

Lakini si wote waliochora walitaka kunyamaza. Florence Nightingale, yule muuguzi wa vita vya Crimea, mwaka 1858 alitoa chati yenye umbo kama la ua. Ilionyesha kwamba askari wengi walikufa kwa magonjwa ambayo yangeweza kuzuilika, kuliko kwa majeraha. Yeye alichora ili wakubwa wa serikali waone aibu na wasafishe hospitali. Kwake sababu ndiyo ilikuwa chati yenyewe.

Sasa turudi Bwera, maana grafu iliyotugusa zaidi ni ya Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kuisha 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287. Ukiangalia wagonjwa kwa wiki, kilele ni Aprili 2019, zaidi ya 100 kwa wiki moja, kisha mstari unaanza kuteremka. Na hapo katika kuteremka, tarehe 11 Juni 2019, Uganda ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mlipuko ule: mtoto wa miaka mitano, aliyevuka na familia yake kutoka Kongo, akalazwa hapa Bwera. Yeye, mdogo wake na bibi yao wote walifariki.

Kwenye mtihani tungeandika kwamba idadi "ilishuka hatua kwa hatua" kuanzia Mei. Ni sahihi. Na kwetu ndiyo miezi ile tuliyosimama Mpondwe kupimwa joto, kunawa klorini, kuogopa kusalimiana na shangazi aliyetoka Kasindi. Wakonzo na Wanande ni damu moja pande zote mbili za mto Lhubiriha, siku za soko wanavuka maelfu. Grafu ina rangi moja ya Kongo na nyingine ya Uganda. Mto hauonekani.

Dada mmoja kati yetu alianza jibu lake kwa neno "unfortunately", yaani kwa bahati mbaya. Mwalimu akalikata: hayo ni maoni. Dada akauliza, "Watu elfu mbili wamekufa, kusema ni bahati mbaya ni maoni?" Tulikaa kimya. Mwalimu akajibu polepole kwamba msahihishaji anapima Kiingereza, hapimi moyo, na anayetaka kwenda chuo aandike kama msahihishaji anavyotaka kwa dakika 20 hizo. Hatukukubaliana naye wote. Lakini tumekubali kazi.

Basi yaliyotusaidia, haraka haraka. Anza na picha nzima kabla ya tarakimu: nini kimepanda, nini kimeshuka, kilele kiko wapi. Wengi wetu tulikuwa tunasoma grafu mwezi kwa mwezi kama rejista ya shule, mpaka muda unaisha. Tena, chunga "to" na "by". Kuongezeka "to 50" ni hadi 50. "By 50" ni kwa 50 zaidi. Kosa hilo moja linabadilisha historia yote. Kutoka asilimia 20 hadi 30 ni ongezeko la nukta 10, si ongezeko la asilimia 10. Na miaka iliyopita inataka kitenzi cha wakati uliopita.

Sababu tunaziandika kwenye daftari la pili. Kila grafu tukiimaliza kwa maneno 150, tunafungua daftari hilo, na kila mtu anaandika anachokijua: nani alifukuzwa, nani alivuka usiku, bei ilikuwaje. La Kilembe limejaa kurasa tisa. La Ebola lilianzishwa na yule dada, na neno lake la kwanza ni lilelile lililokatwa.

Jumamosi ijayo ni chati duara. Mwenye bikari aje nayo, tuna moja tu na imelegea.