Kilatini cha Misa na Majina ya Miti Yetu



Mwanafunzi wa Handeni au Korogwe akutanapo na maneno "excelsa", "indica" na "sisalana" katika kitabu cha bayolojia cha Kiingereza, hudhani ni Kiingereza kigumu, akaona haya kuyatamka mbele ya wenzake. Kumbe ni sifa za Kilatini. Mvule huitwa Milicia excelsa, yaani mrefu, uliotukuka. Ni neno lilelile tuliimbalo katika "Gloria in excelsis Deo". Kanisani twatamka "ekshelsa", Waingereza husema "ekselsa", na Warumi wa kale walisema "ekskelsa". Mtoto wetu na atamke bila hofu, maana irabu za Kilatini zi karibu sana na zetu.

Mkwaju ni Tamarindus indica, jina lililotolewa na Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753. Mbona si "indicus", lifanane na mwisho wa Tamarindus? Kwa desturi ya Kilatini miti ni ya jinsia ya kike, hata jina likiwa na umbo la kiume. Mswahili haoni ajabu: nasi twasema "kijana mwema", wala si "kijana chema". Kasoro imo katika maana. Tamarindus latokana na Kiarabu, tamr hindi, tende ya Kihindi. "Indica" nayo ni "ya India". Mti umepewa India mara mbili, ilhali asili yake ni Afrika, nao hujiotea wenyewe nyikani!

"Sisalana" ina uzito zaidi kwetu. Sisal ni bandari ya Yucatán, Mexico, ambako nyuzi zilipakiwa melini. Henry Perrine alilitumia jina hilo kwa mkonge mwaka 1838. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba ya mkonge ya Korogwe, yaliyowavuta vibarua kutoka Kigoma, Burundi hata Msumbiji. Jina la bandari ngeni limeandikwa juu ya jasho la babu zetu.

Milimani, juu ya Korogwe, uko mti ambao Wasambaa huuita mkulo. Kitabuni ni Ocotea usambarensis. Kiishio "-ensis" maana yake ni "wa mahali fulani", na mkazo, kama katika Kiswahili, huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: usambarENsis.