Haki za Wezi, Haki za Mashujaa

Kwa kibanda ninakokula chapo madondo, redio ilitangaza kuwa watetezi wa haki wanataka karao fulani achunguzwe kwa kumpiga kijana risasi. Jamaa mmoja akasema, "Hawa watu wa haki za binadamu kazi yao ni kutetea wezi tu. Aliyeibiwa anatetewa na nani?" Meza nzima ikamuunga mkono. Hata mimi niliitikia kwa kichwa, maana nilishawahi kunyang'anywa simu.

Lakini maneno hayo ni ya zamani. Yalisemwa kuhusu babu zetu.

Turudi 1959, kambi ya Hola, Tana River. Serikali ya kikoloni iliwaweka hapo watu wa Mau Mau iliowaona sugu, kizuizini bila kesi. Machi 3, watu 88 walipelekwa kuchimba mtaro wa maji. Walipogoma, askari wakawashukia kwa marungu. Watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha ni kipigo.

Si eti sheria za haki hazikuwepo. Uingereza ilipigia kura Tangazo la Haki za Binadamu mwaka 1948, na 1953 ikakubali Mkataba wa Ulaya wa haki hizo ufike hadi Kenya. Shida ni kwamba wengi hawakuamini "gaidi" ni binadamu anayeguswa na karatasi hizo.

Julai hiyo, mbunge wa chama tawala cha Uingereza, Enoch Powell, alisimama bungeni London akapinga wazo kwamba kifo cha mtu ni chepesi kwa sababu ameonekana si binadamu kamili. Akasema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja kwao na kingine Afrika. Tusimvishe taji: mwaka 1968 ni yeye huyo aliyetoa hotuba kali ya kupinga wahamiaji. Kumbe si lazima umpende mtu ndio ukubali ana haki.

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003. Mwaka 2013, Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa enzi hizo. Magaidi wakawa mashujaa. Makovu yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni jina.

Leo Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 kinasema uhuru wa kutoteswa hauwezi kupunguzwa. Hakijaandikwa "isipokuwa mwizi."

Aliyeninyang'anya simu nataka ashikwe, apelekwe kortini, afungwe. Huko kortini ndiko mimi niliyeibiwa ninatetewa. Lakini usiku karao akinisimamisha, nimevaa hudi kama ya yule kijana, huenda nisipate muda wa kueleza mimi ni nani. Wale wa Hola hawakuupata.