Dawa Zilizowanyamazisha Watoto

Ikiwa mtoto amelala, punguza redio kidogo tusije tukamwamsha, kwa maana leo tunazungumza juu ya usingizi: ule wa kweli, na ule unaotoka kwenye chupa.

Mama wengi wanaijua taabu ya mtoto anayeota meno. Usiku kucha analia, baba anageuka-geuka kitandani, jirani naye anagonga ukuta. Kukipambazuka anatokea mtu mwenye huruma na kusema, "Mpe kijiko cha dawa ya kikohozi ya wakubwa, atalala." Kabla hujachukua kijiko hicho, sikiliza kisa hiki cha zamani.

Mwaka 1849, katika mji wa Bangor huko Marekani, ilianza kuuzwa dawa ya maji ya watoto iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Matangazo yake yalionyesha mama akiwa na mtoto mtulivu. Walisema humtuliza mtoto anayeota meno, na kweli ilimtuliza. Jambo ambalo mama hakuelezwa ni kwamba ndani ya chupa mlikuwa na mofini. Uingereza nako kulikuwa na dawa iliyoitwa Godfrey's Cordial, yenye afyuni. Akina mama waliokwenda kufanya kazi viwandani waliwaacha watoto kwa walezi, na walezi wengine waliwapa dawa hiyo ili walale mchana kutwa. Wapo watoto ambao hawakuamka tena. Wengine walikonda polepole, kwa sababu mtoto anayesinzia wakati wote hanyonyi.

Afyuni ni nini? Ni utomvu wa mmea uitwao mpopi. Waswahili huiita pia kasumba, na ndilo neno tunalotumia hata leo kwa wazo lililomganda mtu kichwani lisitoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenganisha mofini kutoka kwenye afyuni. Mwaka 1832 ikapatikana kodeini. Kisha mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza heroini, tena kama dawa ya kikohozi! Ilidhaniwa kuwa haileti uraibu. Baadaye ulimwengu ukajua ukweli.

Je, dawa hizi hufanyaje kazi mwilini? Mwaka 1973 wanasayansi walionyesha kwamba ubongo una sehemu maalumu za kuzipokea. Mwaka 1975 ikajulikana sababu: mwili hujitengenezea dawa yake yenyewe ya maumivu. Fikiria kufuli na ufunguo. Mwili una funguo zake, na mofini ni ufunguo wa kuiga unaoingia kwenye kufuli lilelile. Likifunguka, maumivu hupungua na mtu huona raha.

Lakini kufuli hizo haziko kwenye maumivu tu. Ziko pia katika sehemu ya ubongo inayotuamrisha kupumua bila sisi kufikiri. Dawa ikizidi, amri hiyo hufifia: pumzi huwa chache, kisha hukoma. Ziko matumboni pia, ndiyo maana mtumiaji hukosa choo. Mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano. Na mwili ukizoea, hutaka zaidi ili kupata nafuu ileile. Ukinyimwa ghafla, mtu hutetemeka, huharisha, hutokwa jasho na kuumwa viungo. Hiyo ndiyo arosto.

Sasa mfikirie mtoto mchanga. Mwili wake ni mdogo, na ini na figo zake hazijapevuka vya kutosha kuiondoa dawa haraka. Kijiko kinachomlewesha mtu mzima kidogo tu kinaweza kuzima pumzi ya mtoto.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 1906 kwamba dawa zenye afyuni, mofini au heroini zitajwe waziwazi kwenye chupa. Mwaka 1911 chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliiweka ile dawa ya Mrs. Winslow katika kundi la wauaji wa watoto. Hiyo ilikuwa baada ya zaidi ya miaka 60 ya mauzo.

Mama, usidhani hayo yamepita. Dawa kadhaa za kikohozi na za maumivu zina kodeini, na kodeini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini. Watu wengine huigeuza upesi kupita kiasi kwa sababu ya maumbile waliyozaliwa nayo. Utafiti wa mwaka 1996 miongoni mwa Waethiopia, majirani zetu, ulikuta kwamba takriban watu 29 kati ya 100 wana maumbile hayo. Ndiyo sababu mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema kodeini na tramadoli zisipewe watoto wa chini ya miaka 12, na kwamba mama anayenyonyesha asizitumie, kwani hupitia kwenye maziwa.

Basi tufanye nini? Dawa ya mkubwa isiwe ya mtoto. Ukienda duka la dawa, sema, "Ninanyonyesha," kisha uliza, "Je, hii ina kodeini?" Mtoto anayeota meno msugue ufizi kwa kidole safi, au mpe kitambaa safi chenye baridi atafune. Akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya. Na ukimwona mtoto amelegea, haamki kunyonya, anapumua polepole au midomo imebadilika rangi, usingoje kukuche. Kimbia hospitali, na uibebe ile chupa. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoitoa mofini kwenye kufuli zake, lakini mtoto sharti afike akiwa hai.

Na wewe mama mjamzito unayetumia heroini, usijifiche na usiache ghafla peke yako. Kuacha ghafla kunaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tangu Desemba 2014 Kenya ina matibabu ya methadoni, yaliyoanzia Mathari, Nairobi, kisha yakafika pwani. Nenda ukaonwe. Mtoto wako akizaliwa akitetemeka na kulia sana, wauguzi wanajua la kufanya.

Neno la mwisho ni kwako unayemuuguza mzazi mwenye saratani. Usikitupe kisa hiki kwenye dawa yake. Mofini aliyoandikiwa na daktari, kwa kipimo na kwa saa zake, humpa mgonjwa usingizi wa heri na siku bila mayowe. Mpe kama ulivyoelekezwa, kisha uifungie kabatini mbali na watoto.

Ufunguo ni uleule, mama. Tofauti ni nani ameushika, na anafungua mlango gani. Hadi wakati mwingine, lea salama. Kwaheri.