Mboni Isiyopimwa: Nuru na Kivuli baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho katika Pwani ya Kilifi

Aliyepasuliwa mtoto wa jicho hupimwa mchana. Husimama mita 6 mbele ya chati ya herufi E, akaonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Akifika 6/18 au zaidi huhesabiwa kuwa amefaulu. Ndicho kigezo cha Shirika la Afya Duniani kilichotumika kwa miaka mingi. Nadai kwamba kigezo hiki hakitoshi, hasa Malindi na Kilifi, kwa kuwa hulipima jicho mboni ikiwa katika hali moja tu.

Lenzi ya kuzaliwa ya mtu mzima ina upana wa takriban milimita 9 na unene wa 4 hadi 5. Ya kupandikizwa mahali pake, ambayo daktari wa macho Harold Ridley aliianzisha London mwaka 1949, siku hizi ina upana wa kama 6 na unene wa karibu 1. Jicho lililotibiwa basi lina ukingo ambao halikuzaliwa nao. Usiku mboni inapotanuka, miale ya taa hugonga ukingo huo na kutawanyika, mgonjwa akaona duara za nuru au michirizi. Kingo za mraba hulaumiwa zaidi, ingawa ndizo zinazochelewesha utando kuota nyuma ya lenzi. Fundi hapati vyote.

Kivuli ni jambo jingine. Mgonjwa huona mwezi mchanga mweusi upande wa sikio. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga wa mshazari hugawanyika: mwingine hupindwa na lenzi, mwingine hupita nje yake, na kati ya sehemu mbili za retina unapoangukia hubaki ukanda usio na mwanga. Mboni ikibanwa, ukanda huo hudhihirika; ikitanuka, mwanga huujaza. Kwa hiyo pilokapini, dawa ya matone inayobana mboni, yaweza kumtuliza dereva anayesumbuliwa na duara za taa, na dawa hiyo hiyo ikamkolezea mwenzake kivuli. Asiyeuliza malalamiko huja saa ngapi atamtibu mmoja na kumwongezea mwingine adha.

Na pwani hii huichezesha mboni kuliko vyumba vya kliniki. Mchana kuna mchanga mweupe, bahari inayometameta na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, huko Magarini. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, giza likaingia upesi, na barabara ya Mombasa–Malindi ikajaa taa za bodaboda, tuktuk na mabasi yanayopishana. Mvuvi anayevua usiku kwa taa ya karabai huyapata yote katika siku moja.

Nitajibiwa kwamba wengi wanaopasuliwa ni wazee, na mboni hupungua kwa umri, hivyo haitanuki sana usiku. Ni kweli. Lakini wapo vijana walioumia jicho au wenye kisukari, na wapo ambao mboni ilikataa kutanuka, daktari akalazimika kuikata kidogo ili kiini kigumu cha lenzi kipite. Mboni ya namna hiyo huenda isijifunge tena vizuri hata kwenye jua kali.

Katika uchunguzi wa daktari wa macho Robert Osher uliochapishwa Marekani mwaka 2008, takriban 15% ya wagonjwa walitaja kivuli siku ya kwanza. Baada ya mwaka walibaki kama 3%. Nisingezihamishia takwimu hizo Magarini zilivyo, ila mwelekeo wake unafundisha: wengi hutulia bila dawa. Aliyeonywa husubiri. Asiyeonywa husema mtoto wa jicho amerudi, na jirani aliyekuwa akijiandaa kupasuliwa husikia.

Rula ya milimita na tochi vyatosha kupima mboni kwenye mwanga na kwenye giza, kabla ya upasuaji na baada yake, na maswali mawili yakaongezwa kwenye kadi: mchana unaona nini pembeni, na usiku taa zikoje? Mgonjwa naye aambiwe hili kabla hajaenda nyumbani: kivuli kinachozuka ghafla baadaye na kuzidi kutanda, hasa kikiambatana na vimulimuli au vitone vyeusi vinavyoelea, si cha kusubiri. Huenda retina inabanduka, na afike kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.