Mkia Usio na Adhabu: Pittsburgh Pirates na Msimu wa 1952

Katika michezo 154 ya msimu wa 1952, Pittsburgh Pirates walishinda 42 na kupoteza 112. Brooklyn Dodgers, mabingwa wa National League mwaka huo, waliwaacha kwa michezo 54 na nusu. Hata Boston Braves, walioshika nafasi ya saba katika ligi ya timu nane, waliwatangulia kwa michezo 22 na nusu.

Wapenzi wa besiboli wamezoea kuusamehe msimu huo kwa ajili ya kilichokuja baadaye. Tarehe 13 Oktoba 1960 Bill Mazeroski aliupiga mpira ukavuka uzio wa kushoto wa Forbes Field, Pirates wakawafunga New York Yankees 10–9 katika mchezo wa saba na kutwaa World Series. Tangu siku hiyo mwaka 1952 umekuwa ukielezwa kama karo: meneja mkuu Branch Rickey aliutesa mji miaka michache ili uje kuvuna. Simulizi hilo ni tamu, lakini limeandikwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hoja yangu ni kwamba vipigo vya 1952 vilizaliwa na mfumo uliomwezesha mwenye klabu kushindwa bila kuadhibiwa, na kwamba gharama zake walizibeba watu ambao hawakuwepo mavuno yalipofika.

Rickey hakuwa mbabaishaji. Akiwa St. Louis Cardinals alijenga mtandao wa timu ndogo za kulea wachezaji, na akiwa Brooklyn alimsajili Jackie Robinson mwaka 1945, hatua iliyovunja ubaguzi wa rangi katika Ligi Kuu miaka miwili baadaye. Alipofika Pittsburgh mwishoni mwa 1950 alikuta timu iliyotoka kushika mkia. Akatumia dawa aliyoizoea: kusanya vijana kwa wingi na kwa bei poa, wacheze, chujio lifanye kazi yake.

Chujio hilo lilifanya kazi gani hasa? Mtazame Ron Necciai. Tarehe 13 Mei 1952, akiwa na umri wa miaka 19 na akiichezea Bristol katika daraja la chini kabisa, alifanya jambo ambalo halijawahi kurudiwa katika besiboli ya kulipwa. Mchezo wa raundi tisa humalizika timu ikiwatoa wapinzani 27. Kwa kawaida kazi hiyo hugawanywa kati ya mrushaji na walinzi walioko nyuma yake. Necciai aliwashinda wapigaji mara 27 kwa mirusho yake mwenyewe, mpigaji mmoja baada ya mwingine akishindwa kuupata mpira. Mwezi Agosti alikuwa tayari Pittsburgh, uso kwa uso na wapigaji bora nchini. Alishinda mchezo mmoja na kupoteza sita. Mwaka uliofuata jeshi lilimwita, likamrudisha kwa sababu ya vidonda vya tumbo, kisha bega likaharibika. Ushindi ule mmoja ndio uliobaki kwenye rekodi yake ya Ligi Kuu.

Mlinzi wa beisi ya kwanza, Tony Bartirome, mzaliwa wa Pittsburgh, naye alikuwa na miaka 20. Alicheza michezo 124 na hakupata kucheza Ligi Kuu tena. Miaka mingi baadaye alirudi klabuni kuwatibu misuli wachezaji wengine. Na katikati ya mradi huu wa vijana, mtu aliyeizuia timu isizame kabisa alikuwa mrushaji mkongwe Murry Dickson, mwenye miaka 35 msimu ulipoanza. Alishinda michezo 14, theluthi kamili ya ushindi wote wa timu, na kupoteza 21. Ukitaka kujua nani alikuwa analipa karo, anza na mkono wa Dickson.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza swali la msingi: timu hiyo haikushuka daraja? Haikushuka, kwa sababu katika besiboli ya Marekani hakuna daraja la kushukia. Timu ya mkiani hurudi mwaka unaofuata katika ligi ileile, ikiwa na haki zilezile, na huenda ikapewa kipaumbele cha kuchagua wachezaji. Pirates walipoteza michezo 112 mwaka 1952, 104 mwaka 1953 na 101 mwaka 1954, na hakuna aliyehoji nafasi yao. Waliotoa hukumu ni mashabiki: uwanja uliopokea zaidi ya watu milioni 1.5 mwaka 1948 haukufikisha 700,000 mwaka 1952.

Mchezaji hakuwa na njia ya kutokea kama shabiki. Kifungu cha mkataba kilimfunga kwa klabu yake mwaka hadi mwaka, hata muda wa mkataba ulipokwisha, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuuvunja utaratibu huo mwaka 1953. Ralph Kiner aliongoza National League kwa mapigo ya kuvusha uzio miaka saba mfululizo, wa mwisho ukiwa huohuo wa 1952, alipopiga 37 na kulingana na Hank Sauer wa Chicago. Malipo yake yalikuwa kupunguziwa mshahara. Inasimuliwa kwamba Rickey alimwambia kuwa kama wameweza kushika mkia wakiwa naye, basi wataweza kuushika bila yeye. Watu huicheka kauli hiyo hadi leo. Mimi naisoma kama ungamo: anayesema hivyo ameshakubali kwamba matokeo ya uwanjani hayamgusi. Juni 1953 Kiner alipelekwa Chicago Cubs pamoja na wenzake watatu, kwa kubadilishana na wachezaji sita na fedha taslimu.

Lakini ushahidi mzito zaidi dhidi ya simulizi la uwekezaji ni wale ambao hawakuwepo. Pittsburgh ulikuwa mji mkuu wa besiboli ya Weusi. Homestead Grays, timu ya Josh Gibson, walicheza Forbes Field penyewe hadi walipovunjika baada ya msimu wa 1950. Gazeti la Pittsburgh Courier lilikuwa mstari wa mbele kudai ubaguzi ukome. Kufikia 1952 ligi za Weusi zilikuwa zinaporomoka, klabu zake zikiuza wachezaji ili zisife. Hata hivyo Rickey, mtu yuleyule aliyemleta Robinson, aliingiza uwanjani timu isiyo na Mweusi hata mmoja, huku Dodgers wakitwaa ubingwa kwa msaada wa Robinson na Roy Campanella, wote wawili wachezaji aliowasajili yeye. Curt Roberts, ambaye kwa kawaida huhesabiwa kuwa Mweusi wa kwanza wa Pirates, alianza kucheza Aprili 1954. Wapo wanaompa heshima hiyo Carlos Bernier wa Puerto Rico, aliyetangulia mwaka 1953. Klabu iliyosema inajenga kwa kukusanya vipaji vya bei nafuu ilikuwa inavipita vipaji hivyo mlangoni pake.

Kwa haki, tuikague na hesabu ya 1960. Dick Groat alitoka chuo kikuu cha Duke moja kwa moja hadi kikosi cha Juni 1952, na mwaka 1960 alikuwa mchezaji bora wa ligi. Huyo ni wa Rickey bila ubishi. Elroy Face pia, aliyechukuliwa kutoka Brooklyn mwishoni mwa 1952. Lakini Vernon Law na Bob Friend, nguzo za urushaji, walisajiliwa kabla Rickey hajafika, na msimu wa 1952 Law alikuwa jeshini. Bill Virdon, Don Hoak, Smoky Burgess na Harvey Haddix waliletwa na Joe L. Brown, aliyemrithi Rickey. Roberto Clemente alichukuliwa kutoka kwa Dodgers Novemba 1954 kwa dola 4,000, kwa kuwa timu ya mkiani ndiyo iliyochagua kwanza. Mkia uliompata ulikuwa wa 1954, si wa 1952, na aliyepatikana alikuwa Mpuertoriko mweusi.