Sudan Kusini Baada ya Kujitenga: Kuzaa si Kazi, Kazi ni Kulea

Wahenga hawakukosea waliposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tarehe 9 Julai 2011 Jamhuri ya Sudan Kusini ilizaliwa rasmi mjini Juba, baada ya asilimia 98.83 ya wapiga kura kuchagua kujitenga na Sudan katika kura ya maoni ya Januari mwaka huo. Katika makala haya tunachunguza changamoto tatu zilizoikabili jamhuri hiyo changa: mafuta, umoja wa kitaifa na lugha. Tunaona kwamba kujitenga kulimwondoa mtawala, lakini hakukuondoa utegemezi wala migawanyiko ya ndani.

Uhuru huo haukuja kwa urahisi. Vita vya kwanza vilianza mwaka 1955 kwa uasi wa askari wa Torit, vikakoma kwa Mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Vita vya pili vilizuka mwaka 1983, mwaka ambao Rais Nimeiri alifuta mamlaka ya ndani ya Kusini, vikamalizwa na mkataba uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005.

Changamoto ya kwanza ilikuwa mafuta. Visima vingi vilibaki Kusini, lakini bomba la kuyafikisha Bandari ya Sudan lilipita Kaskazini. Mwenye ng'ombe, basi, hakuwa na njia ya kwenda kisimani. Januari 2012 serikali ya Juba ilisimamisha uzalishaji kwa sababu ya mzozo wa malipo ya usafirishaji, ingawa takriban asilimia 98 ya mapato yake yalitokana na mafuta hayo. Uzalishaji ulirejea mwaka 2013. Hata hivyo, utegemezi haukwisha: Februari 2024 bomba hilo lilipasuka ndani ya Sudan, nchi iliyokuwa vitani tangu Aprili 2023, na hazina ya Juba ikatikisika tena.

Changamoto ya pili ilikuwa umoja. Adui mmoja alikuwa amewaunganisha watu wengi. Alipoondoka, nyufa za zamani zilionekana. Julai 2013 Rais Salva Kiir alimfukuza makamu wake, Riek Machar, na Desemba mwaka huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Mkataba wa 2015 ulivunjika kwa mapigano ya Juba ya Julai 2016, ukafuatiwa na mwingine wa Septemba 2018. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kuwa vita hivyo vilisababisha vifo vya watu karibu 400,000.

Changamoto ya tatu inatuhusu sisi walimu wa lugha. Nchi hiyo ina lugha zaidi ya 60. Mwaka 1928 Mkutano wa Lugha wa Rumbek uliteua chache tu za kutumiwa shuleni, zikiwamo Kidinka, Kibari na Kizande. Baada ya Sudan kupata uhuru mwaka 1956, serikali ya Khartoum ilisukuma Kiarabu na Uislamu katika shule za Kusini, jambo lililochochea hasira. Ndiyo maana katiba ya mpito ya 2011 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lakini sokoni Juba watu waliendelea kuelewana kwa Kiarabu cha Juba, na walimu wengi waliosomeshwa kwa Kiarabu walitakiwa ghafla kufundisha kwa lugha wasiyoimudu. Mtoto aliyeketi mbele yao ndiye aliyelipa gharama.

Mwaka 2016 Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake unakitambua Kiswahili kama lugha ya mawasiliano mapana. Isitoshe, wakimbizi wengi waliokulia Kakuma nchini Kenya walirejea wakikijua. Hii ni nafasi njema kwa Kiswahili, lakini tusiifurahie kwa pupa. Historia tuliyoieleza yatuonya kwamba lugha inayoshushwa kutoka juu huonekana kuwa mtawala mwingine.

Kwa hiyo, tunapowapokea wanafunzi kutoka Juba, Wau au Malakal, tuanze kwa kuwauliza nyumbani wanazungumza nini. Kiswahili kiwafikie kama jirani anayebisha hodi, si kama askari anayevunja mlango.